Nadharia ya uamilifu: kila desturi ina kazi gani katika jamii?

Mtu akifariki kijijini, hakuna anayegawa kazi kwa barua. Vijana huchukua majembe na sululu kwenda makaburini. Kina mama huwasha moto, wengine huchota maji, wawili watatu hukaa ndani na mfiwa. Mzee mmoja hushika daftari la rambirambi. Watani hufika na vituko vyao. Kwa siku kadhaa shamba hulala, hata kama ni wakati wa palizi. Mgeni asiyejua desturi anaweza kuuliza: kwa nini watu wote hawa? Kuchimba kaburi na kufukia si kazi ya watu mia mbili.

Swali hilo ni zuri kuliko linavyoonekana. Katika sosholojia, yaani elimu inayochunguza maisha ya watu katika jamii, wapo wataalamu waliojenga nadharia nzima kwa kuuliza hivyo hivyo: jambo hili linafanya kazi gani? Jibu lao kuhusu msiba ni kwamba kumzika marehemu ni sehemu moja tu ya shughuli. Kifo kimetoboa tundu katika jamii. Mume hayupo, mama hayupo, mjumbe hayupo. Watu wanapokusanyika, kula pamoja, kulia na hata kucheka pamoja, wanaliziba tundu hilo na kujihakikishia kwamba wao bado ni kundi moja.

Nadharia hiyo kwa Kiswahili huitwa uamilifu. Kazi ambayo jambo fulani linaifanya ndani ya jamii huitwa dhima. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayesoma fasihi simulizi amewahi kukutana na maneno hayo, maana walimu hutumia nadharia hiyo hiyo wanapouliza dhima ya methali au ya nyimbo za jando. Katika makala haya tunaeleza ilikotoka, inavyozitazama taasisi kama familia, shule na dini, na kwa nini imewahi kutumiwa kutetea mambo mema na mabaya pia, hapa hapa Afrika Mashariki.

Jamii kama mwili

Mfano wa kwanza kabisa ulikuwa mwili wa binadamu. Mwingereza Herbert Spencer, aliyezaliwa mwaka 1820, aliifananisha jamii na kiumbe hai: moyo una kazi yake, figo zina kazi yake, na kimoja kikiugua vingine vinahisi. Ni mfano rahisi kuushika, na matatizo yake tutayaona mbele.

Aliyeipa nadharia hii uzito ni Mfaransa Émile Durkheim (1858–1917). Alikuwa mtoto wa rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, naye aliishi wakati Ufaransa ikibadilika haraka. Watu walihama vijiji kwenda viwandani, na kanisa lilikuwa linapoteza nguvu. Swali lililomsumbua lilikuwa: ni nini kinachoifanya jamii isisambaratike?

Katika kitabu chake cha mwaka 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi alieleza aina mbili za mshikamano. Ya kwanza ni ya kufanana. Katika kijiji ambacho kila kaya inalima mahindi, inafuga kuku na inasali sehemu moja, watu hushikamana kwa sababu wanafanana. Ya pili ni ya kutegemeana. Fundi simu halimi, mwenye mashine ya kusaga hafugi, dereva wa bodaboda hajui kutibu ng'ombe. Kila mmoja anamhitaji mwenzake kwa sababu wametofautiana. Ukikaa barazani penye duka la pembejeo na wakala wa pesa za simu utaona kwamba vijiji vyetu vingi leo vina mishikamano yote miwili kwa pamoja, na ugomvi mwingi kati ya wazee na vijana unatokea pale inapokutana.

Durkheim alionya pia kwamba mabadiliko yakienda kasi kuliko kanuni za maisha, watu hujikuta hawajui tena lipi ni sahihi na lipi si sahihi. Hali hiyo aliiita anomia. Mwaka 1897 alichapisha utafiti kuhusu kujiua akitumia takwimu za nchi za Ulaya. Alionyesha kwamba hata tendo linaloonekana kuwa la mtu binafsi kabisa linafuata mpangilio wa jamii: waliokuwa na ndoa na watoto walijiua kwa kiwango kidogo kuliko wapweke, na Wakatoliki kwa kiwango kidogo kuliko Waprotestanti. Maelezo yake yalikuwa kwamba mtu aliyefungwa na kamba nyingi za jamii hapotei kwa urahisi.

Alisema jambo jingine lililowaudhi wengi: uhalifu ni kitu cha kawaida katika kila jamii, na adhabu ina dhima. Mwizi anapohukumiwa hadharani, si yeye tu anayefundishwa. Kijiji kizima hukumbushwa mstari uko wapi. Kwa mtazamo huu, adhabu inawalenga zaidi watu wema kuliko wakosaji.

Taasisi ni nini hasa?

Tukisikia neno taasisi, wengi wetu tunafikiria jengo lenye kibao na walinzi getini. Katika sosholojia taasisi ni mpangilio wa kudumu wa kanuni na mahusiano unaotimiza hitaji fulani la jamii. Ndoa ni taasisi. Soko ni taasisi. Familia, dini, elimu, serikali na uchumi ndizo zinazotajwa mara nyingi. Wanauamilifu husema kila taasisi ina dhima, na zote zinashikana: ukivuta uzi mmoja, nguo nzima hukunjamana.

Mmarekani George Peter Murdock, katika kitabu cha mwaka 1949, alilinganisha taarifa za jamii 250 kutoka sehemu mbalimbali za dunia akadai kwamba familia ipo kila mahali kwa sababu inafanya kazi nne: kuweka utaratibu wa tendo la ndoa, kuzaa, kushirikiana kiuchumi, na kulea watoto hadi wajue desturi. Orodha hiyo imepingwa sana tangu hapo. Msikilizaji aliyelelewa na bibi yake anaweza kuanza kuipinga sasa hivi.

Shule inaeleza jambo hili vizuri zaidi, kwa sababu tuliwahi kuiona ikiondolewa. Uganda ilifunga shule Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na ukiacha vipindi ambavyo baadhi ya madarasa yaliruhusiwa kurudi, shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili baadaye. Kenya nayo ilifunga kwa miezi mingi. Masomo yalipotea, hilo lilitarajiwa. Lakini wazazi na viongozi waligundua mengine. Wasichana wengi walipata mimba au waliolewa. Watoto waliokuwa wakila shuleni walikosa chakula hicho. Mwalimu, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kuona mtoto ana alama za kipigo, hakuwepo kuziona. Mama aliyekuwa akienda sokoni asubuhi hakuwa na pa kumwacha mdogo. Hakuna mtaala wowote unaoandika kwamba shule ni ukuta wa kumlinda binti saa nne asubuhi, lakini ilikuwa inafanya kazi hiyo kila siku.

Utani mbele ya mwanasayansi

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wengi wa mila za watu walikuwa wakiandika wakiwa maktaba. Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Kraków, alikaa kwa muda mrefu katika visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya Papua New Guinea, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliishi kijijini, alijifunza lugha na aliwatazama watu wakilima na kuvua. Jambo moja aliloliona wavuvi wetu wa pwani na wa Ziwa Victoria watalielewa upesi. Watu wa Trobriand walipovua kwenye maji tulivu ya ndani, ambako samaki walipatikana bila hatari, hawakufanya uganga wowote. Walipokwenda bahari kuu, kwenye hatari na kubahatisha, uganga ulikuwa mwingi. Malinowski alieleza kwamba uganga haukuchukua nafasi ya ujuzi; mvuvi alijua vizuri kutengeneza chombo chake. Uganga ulimpa mtu utulivu wa kuingia mahali ambapo ujuzi wake unaishia.

Mwenzake, Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, hakujali sana hisia za mtu mmoja mmoja. Yeye alitaka kujua mila inasaidiaje mpangilio wa jamii usivunjike. Mwaka 1940 aliandika makala kuhusu mahusiano ya utani barani Afrika, ambayo hadi leo husomwa vyuoni duniani kote.

Hebu tumfuate polepole, maana hapa yuko nyumbani kwetu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Wahehe na Wangoni, ambao babu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19, nao ni watani. Babu humtania mjukuu akimwita mume mwenzake. Shemeji hutaniana. Kwenye msiba mtani anaweza kulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe pesa, au akamwigiza marehemu jinsi alivyokuwa akitembea na kukohoa, na wafiwa wakacheka huku machozi yanatoka. Hakuna ruhusa ya kukasirika.

Radcliffe-Brown aliuliza: kwa nini tusi linalruhusiwa kwa watu hawa na si kwa wengine? Alijibu kwamba utani hutokea pale ambapo watu wameunganishwa na wametenganishwa kwa wakati mmoja. Ndoa ni mfano. Inazifunga familia mbili pamoja, lakini kila familia inabaki na maslahi yake: mahari, watoto ni wa nani, binti anatendewaje. Ugomvi uko karibu muda wote. Kuna njia mbili za kuuzuia. Moja ni heshima kali hadi kuepukana, kama mkwe wa kiume na mama mkwe wake wanavyopishana njiani kwa macho ya chini. Nyingine ni kinyume chake kabisa: kutaniana kwa kanuni kwamba hakuna atakayeudhika. Uhasama upo, ila umegeuzwa mchezo. Kwa hiyo heshima ya mkwe na matusi ya shemeji, vinavyoonekana kama mbingu na ardhi, vinafanya kazi ile ile.

Sisi tunaona haya ni maelezo mazuri, ingawa yana pengo. Utani wa makabila Tanzania umepita njia nyingi: vita, misafara ya biashara kutoka bara kwenda pwani, kazi za mashambani na mijini. Nadharia inaeleza vizuri utani unafanya nini. Ulianzaje, hapo inabidi kumwuliza mwanahistoria.

Kutoka Iringa hadi London

Wazo kwamba kila mila ina dhima lilikuwa na upande mzuri tangu mwanzo. Wakoloni na baadhi ya wamisionari waliziita mila za Waafrika ushenzi. Wanauamilifu walisema hapana, hizi ni sehemu za mfumo wenye akili yake, na anayekurupuka kukata sehemu moja hajui anakata nini.

Lakini wazo lile lile liliwafaa watawala. Tanganyika chini ya Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, ilifuata utawala wa kupitia machifu. Mtawala aliyetaka kutumia chifu alihitaji kujua uchifu unafanyaje kazi. Mwaka 1935 kilichapishwa kitabu kuhusu jaribio lililofanyika wilaya ya Iringa: ofisa wa serikali, Bruce Hutt, aliuliza maswali kuhusu maisha ya Wahehe, na mtafiti, Gordon Brown, alitafuta majibu. Sayansi ilikuwa msaidizi wa ofisi ya wilaya. Katika kazi za namna hiyo lilikosekana swali moja kubwa, kwamba huo utawala wa kigeni wenyewe una dhima gani, na kwa faida ya nani.

Miaka hiyo hiyo, London, palikuwa na mwanafunzi wa Malinowski aliyelielewa somo vizuri na kuligeuza. Aliitwa Jomo Kenyatta. Kitabu chake kuhusu maisha ya Wakikuyu, *Facing Mount Kenya*, kilitoka mwaka 1938 kikiwa na utangulizi wa Malinowski mwenyewe. Kenyatta aliandika kiuamilifu: ardhi, ukoo, ndoa, dini na marika vimefumwa pamoja. Hoja hiyo ilikuwa silaha. Ikiwa ardhi ndiyo inayomfunga Mkikuyu na wazazi wake waliokufa na watoto wake watakaozaliwa, basi mlowezi aliyeichukua hakuchukua udongo mtupu. Alivunja jamii nzima.

Katika kitabu hicho hicho Kenyatta alitetea tohara ya wasichana. Miaka michache nyuma, mwaka 1929, wamisionari katika nchi ya Wakikuyu walikuwa wamewataka waumini waikane desturi hiyo, na ugomvi uliofuata uliwafanya wengi waondoke na kuanzisha shule zao huru. Kenyatta alieleza kwamba kukata mwili ni sehemu ndogo ya jambo. Tohara ndiyo iliyomwingiza msichana katika rika, ikamfundisha, na majina ya marika ndiyo yaliyokuwa kalenda ya historia ya kabila. Iondoe, alisema, na utakuwa umebomoa nguzo.

Hapa ndipo nadharia inapomgusa msikilizaji wetu moja kwa moja. Hoja aliyoitoa Kenyatta mwaka 1938 bado inasikika kwenye vikao vya wazee: mila hii inafanya kazi, msiiguse. Je, ni kweli kwamba jambo likiwa na dhima basi ni jema?

Merton na swali lililokosekana

Jibu lilikuja kutoka ndani ya nadharia yenyewe. Mmarekani Robert Merton, aliyezaliwa mwaka 1910 kwa wazazi wahamiaji maskini huko Philadelphia, alichapisha mwaka 1949 masahihisho ambayo kwa maoni yetu ndiyo sehemu yenye manufaa zaidi ya uamilifu wote.

Kwanza, alitenganisha dhima ya wazi na dhima fiche. Ya wazi ni ile wahusika wanaijua na kuikusudia. Fiche ni ile inayotokea bila wao kuikusudia. Alitoa mfano wa Wahopi, wenyeji wa asili wa Marekani, na ibada yao ya kuomba mvua. Mtaalamu wa hali ya hewa atasema ibada hailetei mvua. Lakini ukame ukiwa mkali na watu wakiwa karibu kugombana kwa maji, ibada inawaleta pamoja kutoka walikotawanyika. Wazee wa matambiko ya mvua wa kwetu hawatashangaa kusikia hivyo, ingawa hawatakubali kwamba mvua haihusiki.

Pili, alisema jambo linaweza kuwa na madhara badala ya dhima, au vyote viwili kwa pamoja. Ni lazima uulize: linamfaa nani, linamwumiza nani? Kinachowafaa waume kinaweza kuwaumiza wake. Kinachoifaa familia moja kinaweza kukiangamiza kijiji.

Tatu, hata kama hitaji ni la kweli, njia ya kulitimiza si moja. Merton aliita jambo hili mbadala wa dhima. Sasa rudi kwenye tohara ya wasichana. Hitaji la kumvusha binti kutoka utotoni kwenda utu uzima, kumfundisha, kumpa rika na kumsherehekea mbele ya ndugu, ni la kweli. Kumkata si la lazima. Tangu miaka ya 1990 sehemu mbalimbali za Kenya, ikiwemo Tharaka, zimekuwa na sherehe za jando mbadala: wasichana hukaa faraghani, hufundishwa, hupewa zawadi na hutoka kwa nyimbo, bila wembe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inapiga marufuku ukeketaji kabisa, na Tanzania ilitunga sheria mwaka 1998 inayoufanya kuwa kosa kwa msichana wa chini ya miaka 18.

Mahali ambapo sheria imekuja peke yake bila kuuliza dhima, mara nyingi desturi imejificha: hufanywa usiku, kwa watoto wadogo zaidi, au ng'ambo ya mpaka. Na kuna dhima moja inayosahaulika hata na wenye jando mbadala: ngariba analipwa. Ukimwachisha kisu bila kumpa kazi nyingine, hujamaliza hesabu.

Mfano mwingine ni sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Usukumani na Unyamwezini, wizi wa ng'ombe ulizidi na polisi walikuwa mbali. Vijiji vikaunda jeshi lao la mishale na filimbi. Dhima ya wazi ilitimia: wizi ulipungua sehemu nyingi. Dhima fiche ilikuwa umoja wa vijiji ambavyo awali havikushirikiana. Na madhara nayo yalikuwepo: kuna waliopigwa au kufukuzwa makwao kwa tuhuma za uchawi, wanawake wazee wakiwa miongoni mwao, bila kusikilizwa na mahakama. Anayesema sungusungu ilikuwa nzuri na anayesema ilikuwa mbaya wote wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja kuhusu mtu tofauti.

Wapinzani wanasema nini

Lawama kubwa kuliko zote ni kwamba mwili hauna tabaka la wanyonyaji, lakini jamii inaweza kuwa nalo. Figo haimpokonyi moyo shamba. Wanaofuata mawazo ya Karl Marx husema uamilifu unauita ukandamizaji utulivu. Familia ambayo mama analima, anapika, anachota maji na hana jina lake kwenye hati ya shamba inaweza kuwa imetulia sana. Swali ni utulivu huo unalipiwa na nani.

Mwaka 1945 Wamarekani wawili, Kingsley Davis na Wilbert Moore, waliandika kwamba tofauti za kipato zina dhima: kazi muhimu zinazohitaji mafunzo marefu, kama udaktari, lazima zilipwe zaidi ili watu wenye vipaji wavumilie kuzisomea. Inasikika kama ina mantiki. Lakini mwenzao Melvin Tumin alijibu mwaka 1953 kwamba hatuna mizani ya kupima umuhimu wa kazi, na kwamba vipaji vingi havionekani kwa sababu wenye navyo walizaliwa maskini. Tunaongeza la kwetu: mkulima wa mahindi akigoma msimu mmoja, umuhimu wake utajulikana kabla ya wa mkurugenzi yeyote, na bado bei ya gunia wakati wa mavuno inajulikana.

Lawama ya pili ni kuhusu wakati. Wanauamilifu wa zamani walichora jamii kana kwamba haisogei. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliopita katika semina za Malinowski, walifanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe miaka ya 1930. Monica aliandika kitabu, kilichotoka mwaka 1951, kuhusu vijiji vya rika: wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi walianza kujenga kijiji chao wenyewe, wakakua humo, wakaoa humo. Alionyesha namna vijiji hivyo vilivyotenganisha kizazi cha baba na cha mwana, na kwa hiyo kumweka mkwe mbali na baba mkwe kama heshima ilivyotaka. Maelezo yalikuwa kamili. Lakini ardhi ilipoanza kuwa adimu na kahawa ikaipa bei, vijiji vya rika vilififia. Leo ukipanda basi hadi Tukuyu utakuta ndizi, chai na kahawa, na kila mwana akisubiri kipande cha baba yake. Desturi iliyoonekana kuwa nguzo iliondoka, na Wanyakyusa wapo.

Talcott Parsons wa Harvard, aliyekuwa sauti kubwa ya uamilifu Marekani katikati ya karne iliyopita, alijaribu kuweka jamii zote katika mchoro mmoja wa mahitaji manne. Tunampita haraka. Hata wenzake walilalamika kwamba haeleweki, na C. Wright Mills mwaka 1959 alichukua kurasa zake ndefu akazifupisha kuwa aya chache kuonyesha kwamba ndani yake hamkuwa na mengi. Kufikia miaka ya 1970 vyuo vingi vilikuwa vimeiacha nadharia hii kama imani, ila swali lake halikuachwa.

Msiba kwa simu

Turudi msibani tulikoanza. Siku hizi kijana aliye Dar es Salaam au Nairobi hupokea taarifa kwenye kundi la WhatsApp, hutuma rambirambi kwa simu, na jina lake husomwa kama la aliyekaa matangani. Kwa upande wa gharama, mchango wake ni mkubwa kuliko wa jirani aliyeleta kuni. Wapo wanaosema hiyo inatosha, kwamba dhima ya msiba ni kumsaidia mfiwa na mfiwa amesaidiwa.

Ukitaka kujua vijiji vyenyewe vinasemaje, soma katiba za vikundi vya kufa na kuzikana. Ziko kwenye madaftari ya mistari, zimeandikwa kwa kalamu na kugongwa mhuri wa kijiji. Nyingi zina kifungu cha mchango na kifungu cha mahudhurio, na vifungu hivyo viwili vimetenganishwa. Katika vikundi kadhaa, mwanachama aliyelipa mchango wote lakini hakufika kuzika bila sababu hutozwa faini.